Mkono wa Koki ya Bafuni Umelegea: Kweli au Si Kweli?

"Mkono ukilegea, koki nzima imekufa."
Si kweli. Mkono na koki ni vitu viwili. Koki imo ndani ya ukuta. Kinachochomoza nje ni spindo, mhimili mwembamba wenye meno madogo kichwani. Mkono huvishwa juu ya meno hayo na kushikwa na skrubu moja. Kila anayeoga huisumbua skrubu hiyo kidogo, mpaka siku mkono unaanza kucheza. Fundi akikuambia vigae vibomolewe, mwombe kwanza aikaze hiyo skrubu mbele yako.

"Wangu hauna skrubu."
Si kweli, imefichwa. Kwenye mkono wa duara, bandua kile kifuniko kidogo cha katikati chenye alama nyekundu au buluu. Kwenye mkono mrefu wa kisasa, pitisha kidole upande wa chini: utagusa kitundu, na skrubu yake hufunguliwa kwa kifunguo cha pembe sita, mara nyingi cha milimita 2.5 au 3. Ziba tundu la maji machafu kwa kitambaa kabla hujaanza, maana skrubu ikitumbukia humo huipati tena.

"Lazima ufunge maji ya nyumba nzima."
Nusu kweli. Kukaza au kutoa mkono hakufungulii maji. Lakini ukilegeza nati kubwa iliyo nyuma yake, umeigusa koki yenyewe, na maji yote ya tanki la juu yatakushukia. Kama shawa yako ni ya umeme, zima swichi yake kuu kabla ya yote. Hapo hakuna nusu.

"Mkono ukigoma kutoka, gonga kwa nyundo."
Si kweli, na ushauri huu umewatia watu wengi hasara. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi na chokaa hujibana kati ya mkono na spindo, vikashikana kabisa. Ukigonga, unaweza kupinda spindo au kulegeza kiungo cha bomba nyuma ya vigae. Uvujaji wa huko huuoni, mpaka rangi ya ukuta wa chumba cha pili ianze kuvimba na kubanduka. Lowesha kitambaa kwa siki, kizungushie mkono, subiri kama nusu saa, suuza vizuri, kisha vuta huku ukiutikisa kulia na kushoto. Usipotoka, rudia. Haraka haina faida hapa.

"Gundi kali inamaliza kazi."
Si kweli. Ipo siku mpira unaozuia maji ndani ya koki utahitaji kubadilishwa, na mkono uliogandishwa itabidi ukatwe. Kama skrubu imekazwa na mkono bado unateleza, meno ya ndani yamelika. Zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara mbili tatu kwenye spindo, uurudishe mkono kwa kuusukuma, ukaze. Itakushikia kwa muda, hadi upate mkono mwingine.

"Mikono yote inaingiliana."
Si kweli. Idadi ya meno na upana wa spindo hutofautiana. Nenda dukani na wa zamani mkononi.

"Rangi ya kucha huzuia skrubu isilegee."
Kweli. Tone moja kwenye uzi wa skrubu kabla ya kuikaza linatosha, na bisibisi bado itaifungua siku ukihitaji.

"Maji yakidondoka, kaza koki kwa nguvu zaidi."
Si kweli, na kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo cha mikono mingi kulegea. Kwenye koki za kuzungusha, maji huzuiwa na mpira mdogo. Ukishachakaa, nguvu zako huusaga zaidi, hula kiti chake cha chuma na kuyamaliza meno ya mkono. Mpira mpya ni wa bei ndogo sana. Ukiubadilisha, hapo ndipo ufunge maji ya nyumba nzima.