Mali bila daftari: makala ya kongamano iliyobaki ikisiri tu

Na Mwandishi Wetu, Brussels

HIVI karibuni nilipokea barua pepe kutoka kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyeko Kigoma. "Shikamoo mwalimu," aliandika. "Nimeona jina lako katika ratiba ya kongamano la mwaka 2014. Naomba unitumie makala yako kamili, maana nimeitafuta kila mahali sijaipata."

Nilikaa na barua ile siku mbili bila kuijibu. Haikuwa kiburi. Makala anayoitafuta haipo tena duniani, na aliyeipoteza ni mimi mwenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulizoea kuwaambia wenye maduka. Leo nawaambia wale wanaopanda ndege au basi kwenda makongamano, wakasoma makala zao, wakapigiwa makofi, kisha wakarudi nyumbani na kulala usingizi.

Ilivyokuwa

Mwaka 2014 nilikuwa mtangazaji wa redio mjini Bujumbura. Burundi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na hamu ya Kiswahili ilikuwa imepanda. Nilialikwa kwenye kongamano moja la Kiswahili mjini Dar es Salaam, nikasoma makala juu ya Kiswahili cha taarifa za habari katika redio zetu. Mtangazaji wa Bujumbura aseme "komini" kama wanavyosema watu wa Buyenzi sokoni, au aseme "tarafa" ili asikilizaye Kigoma amwelewe? Nilikuwa na mifano mingi niliyoinakili kutoka kwenye kanda. Nilikuwa pia na mahojiano marefu na mzee mmoja aliyekuwa msomaji wa habari kwa miaka mingi, ambaye aliniita "kijana wangu" na kunisahihisha kila nilipokosea.

Watu walipenda. Siku ya mwisho mhariri wa kitabu cha makala za kongamano alitutangazia: makala kamili zitumwe kabla ya mwisho wa Januari 2015, kwa kufuata mwongozo wa uandishi tuliopewa, kisha zitapelekwa kwa wahakiki wawili.

Januari ikaja, nikaomba mwezi mmoja. Februari nikaomba mwingine. Makala ilikuwa imekwisha kwa asilimia tisini. Kilichobaki kilikuwa marejeleo, majedwali mawili na kupunguza maneno. Kila jioni nilisema kesho.

Aprili 25, 2015 chama tawala kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula mwingine, na siku ya pili yake maandamano yakaanza. Nani angekumbuka marejeleo? Mei 13 likatangazwa jaribio la mapinduzi, na katika saa zile na siku iliyofuata vituo vya redio binafsi vilishambuliwa na kuharibiwa. Kanda zetu zilikuwa humo. Kompyuta yangu ilikuwa humo. Mimi nilitoka nchini na begi la nguo.

Kitabu cha kongamano kilitoka baadaye bila makala yangu. Simlaumu mhariri, kwani alinisubiri kuliko nilivyostahili. Yule mzee amekwishafariki. Kilichobaki ni ikisiri ya maneno 250 katika kijitabu cha ratiba, inayoahidi "mifano mingi" ambayo hakuna atakayeiona.

Kwa nini kitabu kina uzito

Ndugu msomaji, huenda utasema makala moja tu, dunia haikusimama. Ni kweli. Lakini tazama kinyume chake. Mwaka 1978 ilifanyika Semina ya Kimataifa ya Waandishi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam. Makala zake zilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 1983, katika juzuu tatu. Ilichukua miaka mitano, enzi za taipureta na uhaba wa karatasi. Wengi walioketi ukumbini siku zile wametangulia mbele ya haki, na TUKI yenyewe iliunganishwa na kuwa TATAKI mwaka 2009. Hata hivyo mwanafunzi wa fasihi leo bado anazitaja juzuu zile kana kwamba semina ilikuwa jana. Maneno ya ukumbini yalipeperuka. Yaliyoandikwa yapo.

Huku Ulaya nako, kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, limewakutanisha wataalamu tangu miaka ya 1980. Makala nyingi zilizosomwa pale zimeingia katika jarida la Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 na ambalo sasa husomwa bure kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Kigoma mwenye simu anaweza kulifungua. Makala yangu hawezi.

Kazi inaanza baada ya makofi

Kosa la wengi wetu ni kudhani kuwa makala tuliyoisoma ndiyo makala ya kuchapishwa. Sivyo. Ya kusomwa hudumu dakika 20 na hubebwa na sauti, mzaha na picha ukutani. Msomaji wa kitabu hakuoni mkono ukipunga. Kila ulichokieleza kwa mdomo lazima ukiandike, na kila ulichokisema kwa kujigamba lazima ukithibitishe.

Kwa hiyo andika maswali uliyoulizwa usiku uleule, kabla hujasahau. Swali lililokukwaza ukumbini ndilo atakalokuuliza mhakiki. Kisha usome mwongozo wa uandishi kabla ya kuanza: idadi ya maneno, urefu wa ikisiri, namna ya kuandika marejeleo. Makala nyingi hurudishwa kwa sababu ya marejeleo tu, majina ya ndani hayapo mwishoni na ya mwishoni hayapo ndani. Maoni ya wahakiki yakija, usikasirike siku ya kwanza na usinyamaze siku ya kumi. Jibu hoja moja moja, ukieleza ulichobadilisha na ulichokataa kubadilisha na kwa nini.

Zaidi ya yote, tuma nakala nje ya kompyuta yako. Mtumie rafiki, jitumie mwenyewe kwa barua pepe. Mie sikufanya hilo, jambo la dakika moja.

Sisi tulio ughaibuni

Kuna ugumu mwingine unaotuhusu tuliokimbia. Fomu huuliza: taasisi yako ni ipi? Mwandishi asiye na chuo wala kituo cha redio hukaa mbele ya nafasi ile tupu akajiona si mtu. Ushauri niliopewa na mhariri mmoja ulinisaidia: andika "mtafiti huru" na mji unaoishi, usiombe radhi. Pia wapo walionyimwa viza wakashindwa kufika. Hao wawaandikie waandaaji mapema na kuuliza kama makala inaweza kusomwa kwa niaba yao au kwa mtandao, na kama bado itapokelewa kitabuni.

Aidha, tuwe macho. Si kila barua ya "tuchapishe makala yako kwa siku saba, lipa kwanza" ni ya heri. Hata wachapishaji wakubwa wamewahi kupitiwa: mwaka 2014 Springer na IEEE waliondoa makala zaidi ya 120 za makongamano baada ya kugundulika kuwa zilitungwa na programu ya kompyuta na hazina maana yoyote. Basi uliza: mhariri ni nani, wahakiki wapo, juzuu zilizopita zinapatikana maktaba gani?

Jibu kwa Kigoma

Siku ya tatu nilimjibu yule mwanafunzi. Nilimtumia ikisiri na kumwambia ukweli wote. Kisha nikawapigia simu wenzangu tuliofanya kazi pamoja, mmoja yupo Kigali na mwingine Kampala. Kati yetu tumekumbuka mifano kumi na minne. Kanda hatuna, na maneno ya mzee siwezi kuyaandika kwa kukisia, kwa hiyo hayatakuwamo.

Makala mpya ni nyembamba kuliko ile ya kwanza, lakini imekwisha na imetumwa, siku tisa kabla ya tarehe ya mwisho. Wahakiki watasema yao.

Nawe msomaji, kama unayo makala uliyoisoma kongamanoni na bado imelala katika kompyuta ikisubiri marejeleo, ifungue leo jioni. Kesho usiiamini sana.