Sauti ya Kwanza Haitafutwi kwa Kelele



Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani wilayani Ngara, niliombwa kuisaidia kwaya ya kigango chetu kujiandaa kwa Misa ya upadrisho. Katika sauti ya kwanza alikuwepo binti mmoja aliyezibeba nyimbo zote. Nami kila jioni nilimhimiza: "Ongeza! Hatukusikii huku nyuma!" Akaongeza. Asubuhi ya Misa alifika na kitambaa shingoni, sauti imekauka kabisa. Kwa wiki mbili alizungumza kwa kunong'ona. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya nitafute kujua: je, wale wanaoishi kwa sauti hii wanafundishwaje?

Soprano ni sauti ya juu kuliko zote za binadamu. Anayeiimba katika opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa, kwa kawaida hatumii maikrofoni. Sauti yake hupita juu ya ala nyingi na kumfikia aliyeketi kiti cha mwisho. Wengi tungedhani ni nguvu za koo. Sivyo.

Kooni zipo nyuzi mbili ndogo za sauti. Mtu akiimba la iliyo juu ya do ya kati, nyuzi hizo hugongana mara 440 kwa sekunde moja. Soprano akifika do ya juu kabisa katika nyimbo nyingi za opera, hugongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Ukizikaza kwa nguvu, zinavimba, na mazoea hayo yakiendelea huota vinundu. Kwa hiyo mwalimu wa opera huanza na pumzi: mbavu zipanuke, pumzi itoke polepole na kwa mpango, shingo na taya vilegee. Ukubwa wa sauti hutokana na mwangwi wa koo na kinywa, kama ngoma inavyovumisha pigo dogo la mkono.

Mafunzo hayo huchukua miaka mingi. Mwanafunzi husoma nota, hujifunza kutamka Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, na huigiza. Mwalimu mwenye busara hampi kijana nyimbo nzito mapema, kwa sababu sauti huendelea kukomaa hata baada ya miaka ishirini na kitu. Baadaye huja mashindano, nafasi ndogondogo, kisha mikataba ya onyesho moja moja. Mkataba ukiisha, anatafuta mwingine. Na akiugua mafua, anaweza kukosa kazi.

Mfano mzuri ni Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1985. Alikulia katika kuimba kanisani. Akiwa na miaka 16 alisikia kwenye tangazo la televisheni wimbo wa wanawake wawili kutoka opera ya Lakmé, akaenda kumuuliza mwalimu wake ni muziki gani ule. Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akaendelea Milan, Italia, na 2011 akashinda mashindano ya Operalia. Mwaka 2013 aliimba kwa mara ya kwanza katika Metropolitan Opera ya New York. Akiingia jukwaani alijikwaa na kuanguka, akainuka, akaimba. Hapa Afrika Mashariki yupo Rhoda Ondeng Wilhelmsen, soprano wa Kenya aliyeanzisha Baraka Opera ili opera ziimbwe, na hata zitungwe, nyumbani.

Kanisa nalo lina historia yake na sauti hii. Papa Pius X, katika maagizo yake ya Novemba 22, 1903 kuhusu muziki mtakatifu, alitaka soprano na alto ziimbwe na wavulana. Wanawake hawakuwa na nafasi katika kwaya ya liturujia. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 ilitambua kwaya za wanaume na wanawake pamoja. Leo, kuanzia Rulenge hadi Biharamulo mjini, ni vigumu kuwaza Misa ya Jumapili bila akina mama na mabinti wa sauti ya kwanza. Basi tunawatunzaje?

Darasani tunasoma kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba neema haiharibu maumbile, bali huyakamilisha. Kipaji ni zawadi, lakini koo ni maumbile, na lina sheria zake. Walimu wa kwaya tuanze mazoezi kwa pumzi na sauti za chini. Wimbo ukiwa juu mno, tuushushe. Hakuna dhambi katika kushusha wimbo. Kinanda kikizidi sauti za watu, tupunguze kinanda. Anayekwaruza apumzike, maji yawepo, na wa kuimba mstari wa peke yake wawe zaidi ya mmoja.

Yule binti alirudi kwaya kabla sijarejea seminarini. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Akacheka: "Frateri, siku nyingine ukitaka kelele, piga ngoma." Jioni ile tulishusha wimbo hatua mbili. Aliimba bila kukaza shingo, na nilipokwenda kusimama mlangoni kabisa mwa kanisa, nilimsikia kila neno.