Harusi Mbarara, Shela Entebbe

Siku hizi familia moja ya wakimbizi wa Kikongo inaweza kuwa na dada Louisville, kaka Adelaide, mama Nakivale na wajomba waliobaki Bukavu. Mmoja wao akipata mchumba, kinachojadiliwa kwanza si ukumbi wala rangi ya sare, ni nchi ya kufungia ndoa. Kurudi kwao Kongo kuna hatari yake: Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema mtu akijirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, hadhi yake ya ukimbizi inaweza kukoma. Wazee nao hawana viza ya Marekani wala Australia. Basi ndugu hukutana Uganda kusini-magharibi: mahari hujadiliwa Nakivale, pilau huliwa Mbarara.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro. Ilianzishwa mwaka 1958, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Humo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, kwa jumla watu zaidi ya laki moja na nusu, na kila jamii ina mavazi na vikorombwezo vyake vya harusi. Wasomali wanataka gauni la dirac, mtandio wa garbasaar na uunsi wa kufukiza chumba. Wakongo hawaendi harusini bila vikwembe vya sare, upande wa mume rangi yake na upande wa mke yake. Banyamulenge wa Kongo na Wanyarwanda wanataka vazi la mushanana, na hao ndio wenye bahati, kwa sababu Wanyankole, wenyeji wa Mbarara, nao huvaa mushanana siku ya kuhingira, yaani siku ya kumuaga binti. Maduka ya Mbarara yanaliuza na kulikodisha mwaka mzima.

Kazi inaanza pale bibi harusi anapoamua kwamba gauni litoke Marekani, suti zitoke Dubai, na shangazi wa Nairobi alete vitu vya Eastleigh.

Wengi hudhani mzigo wa harusi ni mzigo wa heri, kwa hiyo forodha itaupitisha. Sheria haina kipengele cha heri. Kinachoongoza ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na inauliza maswali makavu: wewe ni mgeni au mkazi? Kitu hiki ni chako mwenyewe? Utaondoka nacho au kitabaki? Mgeni anayekuja kwa muda haulizwi ushuru kwa nguo zake na vitu vyake vya kutumia safarini, maadamu ataondoka navyo. Kwa hiyo gauni la bibi harusi aliyetoka Louisville, atakalolivaa Jumamosi na kurudi nalo, ni nguo yake kama nguo nyingine yoyote. Akiliacha kwa binti wa mjomba ili naye aolewe nalo Desemba, hesabu imebadilika, ingawa hilo si jambo ambalo familia nyingi hulifikiria zikiwa zinakunja shela.

Msamaha wa msafiri una vipimo, na vingine vinashangaza. Pombe kali isizidi lita 1, au mvinyo usizidi lita 2. Manukato na maji ya kunukia kwa pamoja yasizidi nusu lita, na katika hiyo manukato yenyewe yasipite robo. Mjomba anayebeba chupa sita za wiski kwa ajili ya meza ya wazee ameshatoka kwenye msamaha tangu chupa ya pili. Kwa bidhaa nyinginezo kuna kiwango cha thamani kwa kila msafiri. Kwa miaka mingi kilikuwa dola 500, na kwa kuwa hubadilishwa kwenye Gazeti la Jumuiya, ni heri kukiuliza kabla ya kufunga mabegi kuliko kubishana nacho uwanja wa ndege wa Entebbe.

Sasa tazama begi lenyewe linavyofunguliwa. Afisa anaona gauni jeupe ndani ya mfuko wake, viatu, kikasha cha pete. Hakuna neno. Chini yake anakuta magauni kumi na mawili ya zambarau, yote ya mshono mmoja, saizi tofauti, lebo za bei bado zinaning'inia makwapani. Bibi harusi anaona wapambe wake. Afisa anaona duka. Tofauti hiyo haimalizwi kwa machozi wala kwa kadi ya mwaliko, ingawa kadi haina ubaya. Inamalizwa kwa risiti. Ushuru hukokotolewa kwa bei iliyolipwa kweli, na asiye na risiti anamwachia afisa akadirie kwa kulinganisha na bidhaa zinazofanana. Risiti ya kughushi ni balaa kubwa zaidi: tamko la uongo forodhani lina adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 3, au faini isiyozidi dola 10,000.

Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini watu hujaribu kukwepa. Tangu tarehe 1 Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una daraja la juu la asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo. Chukua yale magauni kumi na mawili, kila moja dola 60, yametumwa kwa kago badala ya kubebwa na abiria. Thamani ni dola 720. Ushuru wa asilimia 35 ni dola 252. Halafu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haihesabiwi kwenye 720. Inahesabiwa kwenye 972, yaani bei pamoja na ushuru, nayo inakuja karibu dola 175. Jumla ni dola 427, kabla ya tozo ndogondogo na kabla ya wakala wa forodha kupata chake. Kwa fedha hizo fundi wa Kikongo au wa Kirundi pale Base Camp, Nakivale, angeweza kuwapima wapambe wote na kuwashonea.

Wapo wanaojibu kwamba wao ni wakimbizi na kodi haiwahusu. Mkataba wa 1951, kifungu cha 29, unakataza mkimbizi kutozwa kodi kubwa kuliko ya raia. Haukusema asitozwe.

Jambo jingine linalochanganya watu ni Jumuiya kupanuka. Kongo iliingia rasmi Julai 2022, Somalia ikafuata Machi 2024. Ukiwaondoa Waethiopia na Waeritrea, karibu kila jamii kubwa ya Nakivale sasa inatoka nchi mwanachama, na kuna utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wanaovusha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Lakini utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Vikapu vilivyosukwa Rwanda vinafaa. Gauni lililoshonwa Guangzhou na kununuliwa Kigali au Eastleigh linabaki kuwa gauni la China, hata kama shangazi amelilipia kwa faranga au kwa shilingi ya Kenya.

Njia nayo ina masharti yake. Anayeshuka Kigali na kuvuka Kagitumba kwenda Mirama Hills ajue kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008. Ile nailoni inayolinda gauni inaweza kubaki uwanja wa ndege, na gauni likaendelea na safari likiwa wazi kwa vumbi. Tanzania ilifanya hivyo hivyo tarehe 1 Juni 2019, kwa wanaopitia Mutukula au Murongo. Mfuko wa kitambaa wenye zipu unamaliza tatizo hilo. Mpiga picha kutoka ng'ambo aache droni kwake kama hana kibali cha Uganda. Kamera zake zinaweza kuingia kwa muda bila ushuru kwa masharti kwamba zitatoka tena, lakini lazima azitaje anapoingia, si anapoulizwa.

Fedha za mahari ni habari nyingine. Kubeba noti si kosa, kunyamaza ndiko kosa. Anayetoka Marekani na zaidi ya dola 10,000 hutakiwa kutoa tamko huko, na Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha, inataka tamko kwa kiasi kinachozidi shilingi milioni 30. Ukoo unaotaka ng'ombe wenyewe badala ya noti hauepuki karatasi pia. Ugonjwa wa miguu na midomo umeifunga Isingiro kwa karantini mara kadhaa, na hata soko likiwa wazi, ng'ombe wa Ankole hapandi lori bila kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya. Kwa maneno mengine, fahali wa mahari huhitaji stakabadhi nyingi kuliko gauni la bibi harusi.

Kamati zenye uzoefu zimeshajifunza kugawa mambo. Kinachotoka ng'ambo ni kile kisichopatikana: gauni la bibi harusi, pete, pengine viatu vya saizi ngumu. Viti, mapambo, keki, maua na suti za kukodi ni vya Mbarara, ambako wenye maduka wanajua wateja wa Nakivale na lugha ya kupatania bei ni Kiswahili. Sare hushonwa kambini. Mabegi yanayobaki hugawanywa kwa ndugu wanaosafiri, kila mmoja na nguo atakayoivaa mwenyewe.

Kama bado kuna kitu ambacho lazima kitumwe kwa kago, kitumwe mapema, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kwa jina la mtu mwenye nambari ya mlipakodi na kupitia wakala mwenye leseni. Na wewe unayesafiri, risiti zako zote ziweke kwenye mkoba wa mkononi, zisikae ndani ya begi lililofungwa, na ukifika Entebbe ukiwa na shaka juu ya kitu chochote, pita njia nyekundu ya forodha ukakitaje.