Muziki Uliofungua Gereza

Kwa miaka mingi, kila tarehe 13 Aprili, wakazi wa Dublin, Ireland, wamekuwa wakikusanyika mtaa wa Fishamble kusikiliza "Messiah" ya George Frideric Handel. Kwa nini hapo? Ndipo ilipozinduliwa mwaka 1742, kwa manufaa ya hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Wanawake waliombwa waje bila magauni yaliyotanuliwa kwa pete, na wanaume bila panga, ili watu wengi zaidi waenee ukumbini. Mapato yaliwalipia madeni wafungwa 142, wakaachiwa huru.

Sisi hatuna Handel, lakini kwaya tunazo. Kamati ya parokia inapoandaa tamasha, tunaomba kwanza ijiulize: mapato haya yatamfungua nani?