Unene wa Wazazi na Miili ya Watoto Waliokua

Kikopey, kati ya Gilgil na mji wa Nakuru, mbuzi waliochunwa huning'inia nyuma ya vioo vya bucha kando ya barabara kuu, na mwenye kisu huuliza kilo ngapi kabla hujamaliza kumsalimu. Mguu au mbavu hupanda juu ya makaa, kisha hukatwakatwa juu ya ubao, chumvi ikiwekwa rundo pembeni, ugali na kachumbari vikifuata. Wikendi meza hujaa familia nzima nzima: baba, mama, watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, na nyanya anayehifadhiwa kipande laini. Ukiwatazama utaona walivyofanana. Kitambi cha baba kimeanza kwa mwana, na kiuno cha mama kiko kwa binti. Watu husema, "Hao ni wanene kwa damu," kisha huendelea kula.

Ni kweli damu imo. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichunguza watu 540 nchini Denmark walioasiliwa wakiwa wadogo. Miili yao ya utu uzima ilifanana na ya wazazi waliowazaa. Haikuonyesha uhusiano wowote na ya wazazi waliowalisha na kuwalea. Miaka minne baadaye, nchini Kanada, Claude Bouchard aliwalisha jozi 12 za vijana mapacha wa kufanana kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa kipindi cha siku 100. Chakula kilikuwa kile kile, lakini yupo aliyeongeza kilo 4 na yupo aliyepita kilo 13. Pacha alimfuata pacha mwenzake, si jirani yake wa mezani.

Kwa hiyo tuache kumwita mtu mnene mlafi. Wawili wanaweza kula sahani moja Kikopey na wasiondoke na mzigo mmoja.

Ila damu si hadithi nzima. Aina moja ya jeni iitwayo FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, humwongezea aliyeirithi kwa wazazi wote wawili kilo 3 hivi. Uchunguzi wa zaidi ya watu wazima 200,000, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kwa wanaofanya mazoezi nguvu ya jeni hiyo hupungua kwa zaidi ya robo. Na jeni za Wakenya hazijabadilika kwa kizazi kimoja, ilhali miili imebadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hao ndio akina mama na akina baba wa watoto wanaozaliwa sasa.

Watoto hao wakikua itakuwaje? Jibu zito limetoka Aberdeen, Uskoti, ambako kadi za kliniki za wajawazito zilihifadhiwa tangu mwaka 1950. Rebecca Reynolds na wenzake waliwafuatilia watu 37,709 waliozaliwa kati ya mwaka huo na 1976, wakatoa matokeo mwaka 2013. Wale ambao mama zao walikuwa na unene wa kupindukia walipofika kliniki mara ya kwanza walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 35, na ya kulazwa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 29. Tunazungumzia watu wenye kazi na familia, walio mbali sana na tumbo la mama.

Njia mojawapo inaeleweka vizuri. Unene huongeza uwezekano wa sukari kupanda wakati wa ujauzito. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma, lakini insulini yake haivuki, kwa hiyo kongosho changa la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, na insulini nyingi hulimbikiza mafuta mwilini mwake kabla hajaonja kijiko cha uji.

Tuna ushahidi wa hapa kwetu pia, na umeigusa nyama yenyewe. Mwaka 2020 Amanda Lea, Julien Ayroles na wenzao walichapisha vipimo vya zaidi ya Waturkana 1,200. Wafugaji, ambao chakula chao kwa sehemu kubwa ni maziwa, nyama na damu, walikuwa na afya njema ya moyo na sukari. Waliohamia mijini, wakaingia kwenye soda, mkate, vyakula vya kukaangwa na kazi za kukaa, walikuwa na miili mizito zaidi na presha iliyo juu zaidi. Aliyezaliwa mjini alibeba madhara mengine juu ya hayo. Walichopima ni mahali pa kuzaliwa, si uzito wa mama. Hata hivyo kidole kinaelekea kipindi kile kile cha mwanzo wa maisha. Kwa maoni yangu, mbuzi wa Kikopey ana kesi nyepesi kuliko chupa ya soda inayomsindikiza, na kuliko saa nyingi ambazo mlaji amekaa kwenye gari.

Jambo linalonipa moyo ni ndugu wa Quebec. Watafiti waliwalinganisha watoto wa mama mmoja: waliozaliwa kabla hajafanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, na waliozaliwa baadaye. Waliozaliwa baadaye walikuwa wembamba zaidi, na insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi. Mama alikuwa yule yule mwenye jeni zile zile. Kilichobadilika ni mwili wake.

Na baba? Utafiti wa Tromsø, Norway, uliotangazwa mwaka 2024, ulikuta kwamba mtu ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa na unene wa kupindukia katika umri wa makamo alikuwa na uwezekano mara 6 hivi wa kuwa hivyo naye akifika umri huo. Unene wa baba peke yake ulikuwa na uzito sawa na wa mama peke yake. Huko Copenhagen, mwaka 2016, alama za kikemikali kwenye jeni za mbegu za wanaume wanene zilionekana kuwa tofauti na za wembamba, na kwa wanaume sita waliofanyiwa upasuaji zilianza kubadilika ndani ya wiki moja. Walikuwa wachache, na watoto wao hawakupimwa. Lakini inaniuma kuona kliniki ikimpandisha mama kwenye mizani kila mara na kumsomea onyo, huku mumewe akingoja nje bila kuulizwa hata presha. Maneno hayo yangewafaa wote wawili, tena kabla ya mimba. Na mwana mwenye miaka 30 ambaye wazazi wake ni wanene aende akapimwe presha na sukari mwaka huu, hata kama anajisikia mzima.