Laini Saba na Deni la Mto Tana

Jumatatu asubuhi watoto wa Laini Saba, Kibera, huimba wimbo wa taifa kwenye paredi. Sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Na si wimbo tu. Mtungi wa lita 20 unaouzwa hapo Kibera, maji yake aghalabu hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye Mto Thika unaomwaga Tana. Kwa stima pia tumeyategemea mabwawa ya mto huohuo kwa miaka mingi. Walio chini ya mto wamepata nini?

Kilimo cha Mpokomo ni cha mafuriko. Mto hufura, hufunika kingo, ukishuka huacha tope lenye rutuba. Mpunga hupandwa mabondeni palipobaki unyevu. Migomba na miembe hukaa kingo zilizoinuka. Ukoo una kipande chake, kinachoanzia mtoni kuelekea nyikani, na ugomvi wa mipaka huenda kwa wazee wa gasa, baraza lao.

Msitu wenyewe ni mwembamba, umeshikana na mto. Ukiuacha kidogo tu, uko nyika kavu. Humo mna mikuyu, mikindu inayotoa ukindu wa mikeka, na popla wa Tana, mti ambao gogo lake huchongwa mtumbwi. Mangabei wa Tana, aina ya tumbili, hula kindu na makuyu, akazitapanya mbegu. Yeye na mbega mwekundu wa Tana hawapatikani kwingine duniani, na kwa ajili yao serikali ilitenga hifadhi mwaka 1976.

Ila hifadhi huzuia shoka, haileti mafuriko. Bwawa la Masinga lilipokamilika 1981, mafuriko yalipungua huko chini, na miche ya popla huhitaji mchanga mpya ulioletwa na mto ili iote. Mkulima wa mpunga na tumbili wa msituni wamepata hasara moja. Ajabu ni kwamba mara nyingi huandikwa kama maadui.

Wazee walikuwa na mamlaka yao msituni. Humo ilifichwa Ngadji, ngoma takatifu; wengi waliusikia mngurumo wake tu, kuiona kulikuwa kwa wachache walioruhusiwa. Wakoloni waliichukua, na tangu 1908 iko British Museum, London. Wazee wa Kipokomo wanaidai irudi. Imewekwa stoo, si hata kwenye maonyesho.