Skuli ya Biashara kwa Mtoto wa Mkulima



Mwezi uliopita tulijiwa ofisini na mwanachama mmoja wa upande wa Wete, mtu mzima mwenye heshima zake, na barua mkononi. Barua imetoka Uingereza, yasema kwamba binti yake amekubaliwa katika skuli ya biashara kusomea shahada ya pili ya uendeshaji, ile iitwayo MBA. Mzee hakuja kutuonesha furaha yake tu. Alitaka tumwandikie cheti cha idadi ya mikarafuu yake, apate kuiweka rehani, kwani malipo ya kushika nafasi yatakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Siku ile hatukumwandikia. Tulimwomba arudi na binti mwenyewe. Tuliyozungumza twayaeleza hapa, kwa kuwa mzee huyu si wa kwanza kutuuliza wala hatakuwa wa mwisho.

Swali letu la kwanza kwa binti lilikuwa hili: ukirudi, utafanya kazi gani? Alijibu bila ya kusita. Anataka kuuza nchi za nje viungo vyetu visivyokuwa karafuu, yaani mdalasini, pilipili manga na iliki, vikiwa vimefungwa na kupewa jina huku huku kwetu. Jibu zuri, na kwa hakika tulilifurahia. Lakini tulipouliza amefanya kazi muda gani, alisema mwaka mmoja, katika benki.

Hapo tulisita. Masomo haya si kama masomo mengine. Harvard, kule Marekani, ndiko yalikoanza mwaka 1908, na mpaka leo wanafunzi wa pale hupewa kisa cha kweli cha kampuni iliyopata taabu, wakabishana darasani nini lingefaa kufanywa. Mwanafunzi hujifunza kwa aliyekaa naye ubavuni kama ajifunzavyo kwa mwalimu. Sasa mtu ambaye hajapata kulipa wachumaji, wala kukosana na mwenye boti juu ya mzigo, atachangia nini? Atasikiliza tu, naye amelipa sawa na wenziwe. Ndiyo maana chama cha AMBA cha London, kinachokagua masomo haya, hutaka wanafunzi wawe wamekwisha kufanya kazi miaka 3 angalau.

Basi tukauliza: skuli hii iliyomkubali mtu wa mwaka mmoja, ina alama ya nani? Binti hakujua. Alama zinazojulikana duniani ni 3: AACSB ya Marekani, EQUIS ya Ulaya, na hiyo AMBA. Skuli chache mno zimepata zote, na katika Afrika zile za Cape Town na Stellenbosch zimo. Kukosa alama hizo si dhambi, vyuo vingi vizuri havinazo. Lakini kutambuliwa na serikali ni sharti, na kwa shahada ya nje hapa petu yapasa kuuliza TCU, tena kabla ya kulipa. Twamjua kijana wetu mmoja aliyesoma kwa njia ya wakala, akarudi na cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu, na mwajiri akakikataa. Babake alikwisha kuuza ng'ombe wote.

Binti alitutolea katika simu yake orodha ya skuli bora. Orodha hizi tuzisome kwa akili. Ile ya gazeti la Financial Times, iliyoanza mwaka 1999, hutazama sana mshahara wa mtu miaka 3 baada ya kuhitimu. Anayekwenda kuajiriwa na benki ya London huipandisha skuli yake, na anayerudi Wete kufunga mdalasini huenda akaishusha. Je, huyo wa pili amesoma vibaya?

Tena kuna gharama. Harvard ni miaka 2, na ada peke yake yapita dola 70,000 kwa mwaka. INSEAD ya Ufaransa ni miezi 10, na huo muda mfupi ni faida kwa mwenye kazi, ingawa ada yake nayo si ya kuchezea. Karibu na kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina skuli yake ya biashara na masomo ya jioni, kwa hivyo mtu aweza kusoma huku akipata mshahara. Nairobi wako Strathmore, Arusha wako ESAMI, na Mzumbe nao wafaa kuulizwa. Khasa kwa mwenye kutaka kuuza bidhaa za Afrika Mashariki, wenzake wa darasa huko ndio watakaokuwa wanunuzi, wasafirishaji na mabenki wake kesho.

Ama juu ya rehani, mzee tulimwambia wazi. Katika miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba yalizidi hata ikatungwa sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba yasiwatoke. Mkarafuu ukienda, wa kupandwa badala yake hautazaa mpaka ipite miaka 6 au zaidi. Kukodisha mavuno ya msimu mmoja ni jambo jingine, na Bodi ya Mikopo iulizwe kwanza.

Binti alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Na nafasi yangu ikipotea?" Swali hilo ni la haki, na hatukuwa na jibu la kumtuliza. Ameandika kuomba awekewe nafasi yake mwaka mmoja, na TCU ameuliza. Majibu hayajafika. Mzee ametupitia mara mbili kuuliza kama posta imeleta kitu, ingawa tumemweleza kwamba siku hizi majibu huja kwa simu ya binti.

Mwanachama mwenye barua kama hii atuletee kabla ya kulipa. Tutaisoma pamoja, wala hatutozi kitu.